Telefone Moja kwa Watoto 63: Mambo Niliyojifunza Darasani Kyavinyonge

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi mlio bado kwenye oditwari, wengi kati yenu mtaishia kukamata kre na kusimama mbele ya tablo, hata kama leo mnasema hapana. Mimi pia nilisema hapana. Leo niko mwalimu wa mwaka wa nne, shule ya msingi, hapa Kyavinyonge. Nimeombwa niandike kuhusu teknolojia darasani, na nitaandika yale niliyoyaona kwa macho: telefone inasaidia nini, inaharibu nini, na namna ya kuitayarisha mbele ya kuingia nayo darasani. Kuna sehemu moja ya habari hii inayonitia haya. Nitaieleza vilevile, kwa sababu njo yenye faida zaidi kwenu.

Kwa wasiopajua kwetu: Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Ukitoka Butembo, unaacha baridi ya mlimani na kushuka mpaka kwenye joto na harufu ya samaki. Usiku viboko wanapanda kutoka ziwani na kutembea karibu na nyumba. Watu wanaishi kwa tilapia. Asubuhi kuna watoto wanaochelewa shuleni juu walikuwa wanangojea mtumbwi wa baba urudi. Na kila mwaka tunapokea watoto wapya katikati ya masomo, ambao familia zao zimekimbia vita upande mwingine wa Beni.

Darasa langu lina watoto 63. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019, jambo hilo lilipoanza kutekelezwa, watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani waliingia shule. Ni furaha kubwa. Lakini benchi ya watoto watatu sasa inabeba watano, na kitabu kimoja kinasomwa na vichwa vitano. Nyumbani wanaongea Kinande, barabarani Kiswahili, na kwenye kitabu wanakuta Kifaransa. Umeme darasani hakuna. Vifaa vyangu ni tablo, kre, na telefone moja yenye kioo cha kupasuka, ambayo naisharje kwa jirani mwenye pano ya jua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, na la kuchekesha. Niliporudi kutoka Butembo nilikuwa nimepakua video nzuri kuhusu maji: namna yanavyopanda kutoka ziwani, yanakuwa mawingu, yanarudi kama mvua. Nikasimama mbele na kuinua telefone juu. Mstari wa kwanza waliona video. Wengine wote waliona mkono wangu. "Mwalimu, hatuone!" Wakapanda juu ya mabenchi, wakasukumana, mmoja akaanguka. Saa ya somo ikaisha. Nilipouliza wamejifunza nini, mtoto mmoja aliinua kidole kwa heshima na kusema: "Mwalimu, telefone yako iko ya kupasuka."

Alisema kweli. Kioo chenye ukubwa wa kiganja kinaonekana vizuri na watoto sita au saba tu, wakiwa wamekaa karibu. Kwa hiyo nilibadilisha mpango. Nikagawa watoto katika makundi 9 ya watoto 7. Kila kundi linakaa na telefone dakika 5, na dakika 45 zinatosha kwa wote. Swali gumu ni hili: yale makundi 8 yanayongojea yanafanya nini? Kama hayana kazi, yanafanya fujo, na wewe unakuwa polisi. Siku hizi, mbele ya kuchagua picha au video, naanza kutayarisha kazi ya wale wasioshika telefone. Hiyo inanichukua muda mrefu kuliko telefone yenyewe.

Jambo la pili nililogundua ni kwamba sauti inafika mbali kuliko picha. Mnakumbuka Machi 2020, shule zote za nchi zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19. Watoto wengi wasio na intaneti walifuata masomo kwa redio, na Radio Okapi ilikuwa na vipindi vya Okapi École. Redio ndogo ya sokoni yenye tundu la kadi ya memori inasikika na watoto 63 kwa mara moja. Naweka ndani hadithi fupi ya Kifaransa niliyoisoma mwenyewe polepole, wanasikiliza, kisha wanaeleza kwa Kiswahili walichoelewa.

Telefone pia inarekodi. Namwita mtoto, anasoma mistari mitano, kisha namsikilizisha sauti yake. Msichana mmoja alikuwa anameza mwisho wa kila neno. Nilimsahihisha miezi mingi bila faida. Siku aliyojisikia alishika kichwa: "Njo mimi huyu?" Akaomba arudilie. Alirudilia mara tatu, na mimi sikusema neno.

Sasa nifike kwenye somo lenyewe. Pale Mto Semliki unapotoka ziwani, upande wetu huu huu, ndiko kuna Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale na kupata mfupa mdogo wa urefu wa sentimita 10 hivi. Una kipande cha jiwe la kwatzi kwenye ncha, na mikato mingi iliyopangwa katika safu tatu. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema mikato ilisaidia tu mkono usiteleze. Leo mfupa huo uko Bruxelles, katika jumba la sayansi za asili.

Fikirieni mtoto wa mvuvi anayeambiwa kwamba moja ya vyombo vya zamani sana vinavyodhaniwa kuwa vya hesabu duniani vilitoka kwenye udongo wa kwao. Nilitaka waone picha yake. Makundi 8 yalikuwa na matete na viwembe vya kuchongea kraya, yanakata mikato na kujumlisha. Kundi moja lilikuwa na telefone. Kila kitu kilienda vizuri mpaka kundi la nne.

Mtoto mmoja alipitisha kidole kwenye kioo, kama watoto wote wanavyofanya. Picha ya mfupa ikaondoka, ikaja inayofuata. Ilikuwa picha iliyotumwa usiku katika kundi la WhatsApp ambalo nimo. Mnajua picha zinazozunguka kwetu baada ya shambulio. Ilikuwa picha ya watu waliouawa, wamelazwa chini, nyuso zikionekana.

Nilinyang'anya telefone, lakini nilichelewa. Watoto saba walikuwa wameona. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyefika kwetu katikati ya mwaka, na familia yake ilitoka upande ule ule. Hakulia. Aliweka tete lake chini, akatoka nje, akaenda nyumbani. Kesho yake hakuja. Siku ya tatu hakuja.

Nilimwambia direkta mwenyewe, mbele hajasikia kwa wengine. Kisha nikaenda kwa wazazi wa wale saba, nyumba kwa nyumba. Mama wa yule mvulana alinipa kiti, akabaki amesimama. Akaniambia: "Mwalimu, tulikimbia ile mambo. Hatukuwaza mutoto ataikuta mu masomo." Niliomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mtoto halali usiku. Sikuwa na dawa ya hilo. Nilirudi pale jioni nyingine, na nyingine, nikakaa tu na mtoto, tukaongea habari ya nyavu na samaki. Baada ya wiki moja alirudi shule na kukaa karibu na mlango. Nilimwacha akae hapo.

Ndugu zangu, elezeni jambo hili kwa kila mwalimu mnayemjua, kwa sababu kosa langu ni rahisi kufanya. WhatsApp, usipoigusa, inaweza kupakua picha yenyewe na kuziweka kwenye galeri. Galeri inazipanga kwa tarehe. Picha uliyopakua jana jioni kwa ajili ya somo inakaa bega kwa bega na picha iliyoingia usiku. Kati yao kuna kidole kimoja cha mtoto. Kwa hiyo, haya ndiyo ninayofanya sasa:

Kwanza, katika mipangilio ya WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, nimezuia picha na video zisijipakue zenyewe. Kwenye sehemu ya mazungumzo, nimezuia zisionekane katika galeri.

Pili, vitu vya shule vinakaa kwenye kadi ya memori ya pekee. Kadi hiyo inaingia asubuhi na inatoka mchana. Sifungui galeri mbele ya watoto hata kidogo.

Tatu, telefone inaingia darasani ikiwa katika hali ya ndege. Hakuna ujumbe, hakuna simu, hakuna tangazo.

Nne, telefone nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo, usiweze kutoka mpaka uweke namba ya siri. Utafute kwenye mipangilio ya usalama. Mtoto akipitisha kidole, hatoki kwenye programu ile.

Tano, siwapigi watoto picha za kuweka Facebook. Katika eneo la vita, sura ya mtoto na mahali anaposomea si vitu vya kutangaza.

Sita, kwa wasio na mega za kutosha kama mimi: mkifika mahali penye rezo nzuri, pakueni Kiwix. Ni programu inayohifadhi vitabu vya intaneti ili visomwe bila intaneti. Ndani yake mnaweza kuweka Vikidia, ensiklopedia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto. Ukishapakua, inabaki kwako, hata rezo ikipotea wiki nzima.

Baada ya siku ile niliiacha telefone nyumbani wiki tatu. Somo la Ishango nilililimaliza kwa kre. Nilichora mfupa kwenye tablo, mkubwa kama mtumbwi, na watoto wakaendelea na matete yao. Hapo nikaona kitu: safari hii wote 63 waliuona mfupa, na mabishano yalikuwa makali kuliko siku ya telefone. Wakajumlisha safu ya kwanza wakapata 60, ya pili wakapata 60. Wakapiga makofi. Kisha sauti ikatoka karibu na mlango: "Mwalimu, ya tatu haitoshe. Inakosa 12." Ni kweli, safu ya tatu ina 48. Wengine wote walikuwa wameandika 60 bila kuhesabu, juu walidhani lazima iwe 60. Yeye alihesabu.

Ningeweza kubaki bila telefone. Walimu wengine hapa wanaona hivyo ndivyo bora, na siwalaumu. Lakini mfupa niliouchora mimi si mfupa wenyewe. Watoto waliniuliza una rangi gani, umepasuka wapi, lile jiwe la ncha liko namna gani. Maswali hayo kre haiwezi kuyajibu, na Bruxelles hatuna pesa ya kwenda. Hapo njo mahali pa teknolojia: panapokuwa na swali ambalo mtoto ameshaliuliza na wewe huna namna nyingine ya kulijibu. Mimi nilikuwa nimeleta jibu mbele ya swali, tena bila kukagua nilichobeba.

Mbele ya kuirudisha telefone nilimuuliza yule mvulana faraghani kama anataka kuona au kukaa nje. Alifikiri. Akasema: "Mufupa tu. Ingine hapana." Nikamwonyesha yeye kwanza, peke yake: kadi ninayoiweka, alama ya ndege, picha iliyobandikwa. Akapitisha kidole kujaribu. Haikuondoka. Akajaribu tena. Kisha akaenda kukaa na kundi lake.

Ninyi mnaojitayarisha kufundisha, au mnaofundisha tayari, msingojee mradi ulete tableti na projekta. Telefone mliyo nayo mkononi inatosha kuanza. Ila leo usiku, mbele ya kulala, fungueni galeri zenu na kuziangalia kwa macho ya mtoto wa miaka tisa. Mtajua wenyewe kama iko tayari kuingia darasani.