Bampa Imara Hujulikana Kabla ya Kupakwa Rangi



Bampa za chuma, ambazo wengine huziita ngao, huundwa katika karakana za Katwe, Kampala, kama ilivyo katika miji mingine ya Afrika Mashariki. Mwenye gari huipokea bampa ikiwa imekwisha sagwa kwa grenda na kupakwa rangi nyeusi. Lakini wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi haishiki chuma. Kinachoshika ni mshono. Siku lori litakapokwama matopeni na mnyororo ukafungwa kwenye bampa, mshono mbovu utaachia, na chuma kinaweza kuruka kikampiga utingo aliye karibu.

Kwa hiyo yafaa kila mchomeleaji na kila dereva ajue kuukagua mshono. Kwanza mavi ya chuma yagongwe yatoke, mshono upigwe brashi ya waya, kisha utazamwe penye mwanga wa kutosha.

Kwanza, mshono mzuri una upana ulio sawa, nao huteremka taratibu na kuungana na bamba pande zote mbili. Ukiwa umetuna kama kamba iliyolazwa juu ya chuma, jua kuwa umeme ulikuwa mdogo na chuma hakikuyeyuka vizuri. Rodi ya kawaida ya milimita 3.2 hutaka kama ampea 90 hadi 130. Pakiti yake huonyesha kipimo.

Pili, tazama kama kuna kijifereji kando ya mshono. Hapo bamba limeliwa na umeme uliozidi, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Tatu, vitundu vingi ni dalili ya kutu, mafuta au rangi ambayo haikuondolewa, au ya rodi zilizopata unyevu.

Nne, ufa hausamehewi hata ukiwa mwembamba kama unywele. Usifunikwe kwa mshono mwingine juu yake. Ukatwe wote na kazi irudiwe.

Tano, mshono wa kwenye kona usisagwe hadi ukawa bapa ili upendeze. Unene ulioondolewa ndio nguvu yenyewe.

Ufa usioonekana una dawa yake, iliyotumika zamani katika karakana za reli. Paka mafuta ya taa juu ya mshono, yaache yaingie, kisha yafute mpaka pakauke kabisa. Halafu paka chokaa au chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye weupe ule. Jaribio hili lifanywe chuma kikiwa kimepoa, mbali na cheche.

Nguvu ya ndani nayo ipimwe kwa vipande vya mabaki. Simamisha bamba moja juu ya jingine, uchomelee upande mmoja tu kwa rodi na umeme ule ule wa kazi. Likipoa, ligonge kwa nyundo kutoka upande usio na mshono. Mshono ukibanduka mzima na kuacha uso wa bamba ulivyokuwa, haukushika. Ukivunjika wenyewe katikati, na chuma kikaonekana kimeyeyuka hadi ndani ya kona, hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa nini chama kizungumze habari za mishono? Kwa sababu mshono ukiachia, lawama humwangukia mchomeleaji. Nimeketi katika mashauri ambamo mfanyakazi alikatwa mshahara, kumbe tajiri ndiye aliyeleta rodi zenye unyevu na kuamuru bampa ipakwe rangi jioni ile ile, bila nafasi ya kusafisha wala kukagua.

Hivyo kila tawi halina budi kudai mambo matatu: rodi zitunzwe mahali pakavu, muda wa kusafisha chuma uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi, na bampa yo yote isipakwe rangi kabla fundi na msimamizi hawajaikagua pamoja na kutia sahihi katika kitabu cha kazi. Sahihi mbili hizo humlinda abiria na utingo barabarani, na humlinda mfanyakazi siku ya shauri.