Modemu ya simu ya mezani na hitilafu zake

Modemu ya simu ya mezani ni kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kompyuta nyingine kupitia waya wa kawaida wa simu. Upande mmoja hugeuza data za kompyuta kuwa sauti, na upande wa pili hugeuza sauti hiyo kuwa data tena. Ndiyo njia iliyotumiwa na watu wengi kufikia barua pepe na intaneti tangu miaka ya 1990 hadi miaka ya 2000.

Nchini Tanzania siku hizi neno "modemu" hutumika zaidi kwa kifaa kidogo cha USB kinachowekwa laini ya simu ya mkononi. Makala hii inahusu ile ya zamani iliyochomekwa kwenye soketi ya simu ya mezani, na hasa namna ya kutafuta hitilafu pale modemu inapopokea simu kwa niaba ya kompyuta iliyoko nyumbani.

Jinsi inavyofanya kazi

Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Hupitisha vizuri mitetemo kati ya takriban hertzi 300 na 3,400 tu. Modemu inalazimika kupenyeza data zote katika nafasi hiyo nyembamba, na kwa sababu hiyo kasi yake ni ndogo.

Kasi iliongezeka hatua kwa hatua kufuatana na viwango vya kimataifa:

* V.22bis: biti 2,400 kwa sekunde
* V.32: biti 9,600
* V.32bis: biti 14,400
* V.34: biti 28,800 (mwaka 1994), baadaye 33,600
* V.90: hadi biti 56,000 (mwaka 1998)

Faili la megabaiti moja huchukua karibu dakika 15 kwa kasi ya biti 9,600, na karibu dakika 5 kwa biti 28,800. Kwa kuwa simu ililipiwa kulingana na muda, dakika hizo zilikuwa fedha. Simu iliyopokelewa lakini modemu zikashindwa kupatana nayo ilitozwa vilevile. Ndiyo maana kujua chanzo cha hitilafu mapema lilikuwa jambo la maana kwa shule, hospitali au ofisi yenye bajeti ndogo.

Katika Afrika ya Mashariki

Kabla ya intaneti kamili kufika, vyuo na mashirika ya eneo hili yalibadilishana barua pepe kwa modemu. Wengi walitumia mtindo wa FidoNet, uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984. Katika mtindo huo kompyuta hupigiana simu mara chache kwa siku, hupeana barua zilizokusanywa, kisha hukata. Mradi wa ESANET uliunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Lusaka na Harare. Mtandao wa HealthNet ulihudumia madaktari na watumishi wa afya katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo.

Katikati ya miaka ya 1990 zilianza kampuni za kuuza huduma ya intaneti, kama Africa Online nchini Kenya na CyberTwiga mjini Dar es Salaam. Nchini Tanzania waya za simu zilikuwa chini ya TTCL, iliyoanza kazi mwaka 1994 baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa.

Mtu aliyekaa mbali na miji yenye huduma hizo alipaswa kupiga simu ya masafa. Kwa mfano, kutoka kata ya Mwigobero mjini Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, hadi Dar es Salaam ishara ilivuka nchi karibu yote, na kila kiungo cha njiani kiliweza kuongeza kelele. Kwa mazingira kama hayo, kompyuta moja ya jirani inayopokea simu ilikuwa na faida: watu wa Bunda au Butiama wangeweza kupiga Musoma kwa masafa mafupi, na kompyuta hiyo peke yake ikapiga simu ya mbali usiku kupeleka barua za wote kwa pamoja.

Seva ya nyumbani

Kompyuta inayopokea simu huitwa seva. Inahitaji vitu vinne: laini ya simu, modemu, programu ya kupokea simu, na programu ya kumwingiza mpigaji kwenye mtandao. Katika mfumo wa uendeshaji wa Linux, kazi ya kupokea hufanywa mara nyingi na programu ya mgetty, na kazi ya kuunganisha hufanywa na pppd, inayotumia itifaki ya PPP.

Jambo moja huwasumbua wengi. Kasi ya biti 56,000 haipatikani kati ya modemu mbili za nyumbani. V.90 hufanya kazi pale tu upande unaopokea umeunganishwa na mtambo wa simu kwa njia ya kidijitali, kama ilivyo kwa kampuni za intaneti. Pande zote mbili zikitumia waya wa kawaida, kikomo ni biti 33,600. Anayeona kasi hiyo kwenye seva yake asitafute hitilafu, kwa kuwa haipo.

Kutafuta hitilafu

Kanuni kuu ni kupima kutoka chini kwenda juu: kwanza waya, kisha modemu, kisha kupatana kwa modemu mbili, kisha jina na neno la siri, na mwisho mtandao wenyewe. Anayeanza na programu wakati waya una kutu hupoteza siku nzima. Tena, hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na matokeo huandikwa.

*1. Waya*

Modemu huchomolewa, na simu ya kawaida huchomekwa mahali pake. Mlio wa kuruhusu kupiga usikike safi. Ukiwa na mkwaruzo, mvumo au sauti za watu wengine, tatizo liko kwenye waya. Ili kujua ni waya wa ndani au wa nje, vifaa vyote vya nyumba huchomolewa na simu moja huunganishwa pale waya wa nje unapoingilia. Mkwaruzo ukiendelea hapo, kazi ni ya fundi wa kampuni ya simu. Ukitoweka, kosa ni la ndani.

Mkwaruzo unaozidi baada ya mvua huashiria maji kwenye maungio. Simu nyingine katika laini hiyohiyo ikiinuliwa, mawasiliano hukatika. Huduma ya kuashiria simu ya pili inayoingia nayo huvuruga modemu kwa mlio wake, hivyo ni bora izimwe.

*2. Modemu*

Modemu nyingi huelewa amri zinazoanza na herufi AT, zilizoenezwa na kampuni ya Hayes tangu mwaka 1981. Ikiandikwa AT, modemu nzima hujibu OK. Isipojibu, huangaliwa umeme wake, kebo yake, na jina la poti. Katika Linux poti ya kwanza ni /dev/ttyS0, ambayo katika Windows huitwa COM1.

Baadhi ya modemu za ndani zilizouzwa kwa bei nafuu huitegemea programu ya Windows kufanya sehemu kubwa ya kazi. Hizo mara nyingi hazijibu kabisa katika Linux hata kama ni nzima. Kwa seva, modemu ya nje yenye taa zake ni bora zaidi, kwa sababu taa humwonyesha mtumiaji kinachoendelea.

Amri zinazosaidia zaidi ni hizi:

* AT&F hurudisha mipangilio ya kiwandani.
* ATS0=2 huiamuru modemu kupokea simu baada ya milio miwili. Pamoja na mgetty thamani huachwa 0, kwa kuwa programu hiyo hupokea yenyewe.
* ATX3 huiamuru modemu ipige bila kungoja mlio wa laini. Hufaa pale mlio wa mtambo wa simu ni tofauti na ule modemu inaoujua.
* ATDP hupiga kwa mapigo badala ya milio, kwa mitambo ya zamani.

*3. Kupatana*

Majibu ya modemu yana maana yake. NO DIALTONE ni kwamba haikusikia mlio wa laini. BUSY ni kwamba namba inatumika. NO CARRIER ni kwamba modemu mbili hazikupatana au zimepoteana. CONNECT ni kwamba zimeungana.

Iwapo simu inapokelewa, sauti za kukwaruza zinasikika, kisha NO CARRIER inafuata, dawa ya kwanza ni kushusha kasi. Laini isiyoweza kubeba biti 28,800 mara nyingi hubeba 14,400 au 9,600 bila kukatika. Barua inayofika polepole ni bora kuliko simu tano zilizolipiwa bure. Muda wa kusubiri unaweza kuongezwa kwa rejista S7, ambayo ni sekunde za kungojea upande wa pili. Rejista S10 huongeza uvumilivu pale ishara inapopotea kwa muda mfupi. Huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde.

*4. Kuingia*

Modemu zikiungana na mpigaji bado akikataliwa, waya hauna kosa tena. Katika Windows, kosa namba 691 humaanisha jina au neno la siri si sahihi. Upande wa seva, majina hayo huwekwa katika mafaili ya /etc/ppp/pap-secrets au chap-secrets, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti. Kama mpigaji anaona maandishi ya kuomba jina badala ya PPP kuanza, huangaliwa mstari wa /AutoPPP/ katika faili la login.config la mgetty, usije ukawa umezimwa kwa alama ya #.

*5. Mtandao*

Mpigaji akishaingia lakini asione chochote, hujaribu kwanza kuifikia anwani ya IP ya seva, kisha anwani ya nje, kisha jina la tovuti. Akiishia kwenye seva, upitishaji wa data haujawashwa katika ip_forward, au kompyuta za nje hazijui njia ya kurudisha majibu. Akifika kwenye anwani lakini si kwenye jina, tatizo ni la DNS.

Data zikipita lakini kwa makosa mengi, huangaliwa udhibiti wa mtiririko kati ya kompyuta na modemu, unaopaswa kuwa RTS/CTS. Kompyuta za zamani zenye chipu ya 8250 au 16450 huhifadhi baiti moja tu kwa wakati mmoja na hupoteza data kasi inapopanda. Chipu ya 16550A huhifadhi 16.

Radi na umeme

Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu hujengeka nchi kavu alasiri, na juu ya ziwa usiku kuelekea alfajiri. Waya wa simu unaopita kwenye nguzo hubeba msukumo wa radi hata kama imepiga mbali, na modemu ndiyo inayoupokea kwanza kabla ya kompyuta. Kuzima swichi hakutoshi. Kinga ya hakika ni kuchomoa waya wa simu na wa umeme pamoja, kabla mvua haijaanza. Ngurumo zikishasikika, waya wa simu usishikwe kabisa. Aidha, hata siku ya jua, simu inapolia waya huwa na volti zinazofikia 90, hivyo maungio hayaguswi kwa mikono mitupu.

Modemu inayojibu OK lakini haisikii mlio wa laini ambayo ni nzima, hasa baada ya usiku wa radi, kwa kawaida imeungua upande wa simu. Hakuna amri itakayoiponya.

Umeme ukikatika, seva hukaa kimya hadi mtu aiwashe. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kujiwasha umeme unaporudi, na kwa seva isiyo na mlinzi mpangilio huo ni wa lazima.

Hali ya sasa

Mtandao wa simu za mkononi, na kebo za chini ya bahari kuanzia SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, viliiondoa modemu ya simu ya mezani katika matumizi ya kila siku. Hata hivyo mashine za faksi hutumia njia hiyohiyo ya kugeuza data kuwa sauti. Utaratibu wa kupima kutoka kwenye waya hadi kwenye programu nao haujazeeka: fundi wa nyaya za nuru au wa minara ya simu huufuata vilevile.

Tazama pia

* Intaneti
* Barua pepe
* Simu
* Musoma