Mnofu wa perege hautaki kukaushwa

Samaki wengi wanaoliwa Handeni wamepita kwanza kwenye karai la mafuta sokoni. Hukaangwa hadi wakakauka kwa sababu ya maana: bahari iko mbali, jua ni kali, na samaki mbichi asiye na barafu hafiki jioni. Huko ni kuhifadhi. Kosa ni kumtendea hivyo hivyo samaki aliyenunuliwa asubuhi ili aliwe mchana.

Kwa samaki wa namna hiyo, Korogwe wana bahati ya Mto Pangani, unaoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru ukipita mjini kwao. Perege mmoja wa bonde hilo amebeba jina la mji katika sayansi: Oreochromis korogwe, aliyeelezwa mwaka 1955 na mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe. Mnofu wa perege ni mweupe, mlaini, hauna shombo kali. Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria nayo hupikwa vivyo hivyo.

Mpare perege magamba, mtumbue, kisha pitisha kisu kikali nyuma ya shavu na ukishushe kikilalia mfupa wa mgongo hadi mkiani. Toa miiba ya ubavuni. Kichwa na mifupa usitupe, ni supu hiyo.

Tia chumvi, acha dakika kumi, halafu futa maji kwa kitambaa safi. Mnofu wenye maji hurusha mafuta na kugandia kikaangoni. Ndimu ikamuliwe mwishoni. Ikikaa muda mrefu kwenye mnofu mbichi huulegeza.

Mafuta vijiko viwili yapate moto kwanza. Mnofu wenye unene wa kidole unatosha dakika tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Ukigeuka mweupe hadi katikati na kuachana ukiuchokoa kwa uma, epua.

Anayependa nazi apike kitunguu, nyanya na tui jepesi hadi viive, ndipo alaze minofu juu. Tui zito lije mwisho, kwa moto mdogo, maana likichemka sana hukatika. Kwa bada au wali, hapo hakuna haja ya bizari nyingi.

Samaki wa kusafirishwa na akaushwe. Wa leo, tafadhali, muepue mapema. Utamu wake ndio huo tunaouunguza kila siku.