Daftari la Msikiti Limehamia Mtandaoni, Amana Imebaki Ileile

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuagiza kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi utunzaji wa maandishi unamhusu mweka hazina wa msikiti kama unavyomhusu karani wa ofisi.

Zana za kazi hiyo zimebadilika upesi. Mwaka 1979 ilitoka VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu: ukibadili tarakimu moja, jumla hujirekebisha. Zikafuata Word mwaka 1983 na Excel mwaka 1985. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, faili lilikaa ndani ya kompyuta moja. Mwenzako akilihitaji, ulimpelekea kwa flashi au baruapepe. Punde zikawapo nakala tatu zisizokubaliana.

Mwaka 2006 Google iliinunua Writely, iliyokuja kuwa Google Docs, na Microsoft ikaleta Office 365 mwaka 2011. Faili sasa hukaa kwenye kompyuta za kampuni, nasi hulifungua kwa intaneti. Watu kadhaa huandika kwa wakati mmoja, na programu huhifadhi kumbukumbu ya nani alibadili nini na lini.

Manufaa kwa mji wa njiani kama Nyololo ni dhahiri. Mwanetu aliyeko Mbeya au Dar es Salaam anaweza kuona mchango wake wa madrasa siku ileile, na minong'ono ikapungua. Lakini kumbukumbu ya mashine si badala ya mashahidi waadilifu.

Hatari kubwa iko kwenye sitara. Kiungo kimoja kikisambazwa kwenye simu chaweza kuanika majina ya wajane na mayatima wanaopokea zaka. Kumsaidia mhitaji kisha kumfedhehesha ni kuivunja amana.

Kwa hiyo, kamati zitenganishe mafaili. La mapato na matumizi lisomwe na waumini wote, waandike wawili au watatu. La wapokeaji zaka libaki kwa wachache. Akaunti iwe ya msikiti, si ya katibu, na kiongozi akimaliza muda wake nywila ibadilishwe. Kila mwezi ichapwe nakala ya karatasi, isainiwe na kuhifadhiwa, kwani umeme na mtandao hukatika, ilhali hesabu yetu mbele ya Allah haina siku ya kukatika.

Wabillahi tawfiq.