Mubambiro Ina Watu Wangapi? Lini?

Juma hili swali limenirudia tena, safari hii kwa simu, kutoka kwa kijana wa mradi wa maji. "Mzee, nipatie tu namba kamili ya wakaaji wa Mubambiro, natuma ripoti saa sita." Namba kamili! Nikamuuliza: ya siku gani? Akanyamaza, kisha akasema, "Ya kawaida."

Hakuna ya kawaida. Lakini kwanza tuondoe kosa dogo lililokuwa ndani ya swali lake, maana mradi alikuwa ameuandika chini ya mji wa Goma. Mubambiro si Goma. Ni wilaya ya Masisi, usultani wa Bahunde, kundi la vijiji la Kamuronza, kilomita ishirini na kitu magharibi mwa mji, karibu tu na Sake. Upande mmoja kuna Ziwa Kivu, upande wa pili mawe ya volkeno na hifadhi ya Virunga, kwa hiyo watu wamebanwa kando ya barabara. Na Sake ndipo njia zinapogawanyika: Minova na Bukavu, Masisi na Walikale, Kitchanga. Anayekimbia vita milimani hupita hapo. Anayerudi pia.

Sasa ile dawa ya kienyeji ya takwimu, ambayo kijana alikuwa ameshaimeza. Unachukua hesabu ya zamani, unaiongezea asilimia tatu kila mwaka, kompyuta inakutolea idadi inayoishia na 7. Watu huamini sana namba inayoishia na 7. Ingeishia na sifuri tatu wangeuliza imetoka wapi.

Imetoka mwaka 1984. Hiyo ndiyo sensa ya mwisho ya nchi hii, ya Julai 1984, wakati ikiitwa Zaire. Kivu Kaskazini yenyewe, ambako Masisi iko, haikuwa jimbo bado. Ilitengwa na Kivu kubwa mwaka 1988. Nchi nzima ilihesabiwa watu milioni 30 hivi. Ukizidisha kwa asilimia tatu kwa miaka 40 unapata mara tatu na robo, yaani karibu milioni 98, na ndiyo maana kila mtu anasema Kongo ina watu milioni mia moja. Kwa nchi nzima, sawa, sigombani sana. Anayehama Masisi akaenda Goma bado yumo nchini.

Ila kwa kijiji hesabu hiyo ni upuuzi. Asilimia tatu inamjua anayezaliwa na anayekufa. Haimjui anayefunga godoro mgongoni.

Angalia barabara hiyo moja tu. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, vilima vikahama. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na kambi ya Mugunga ikasimama kwenye barabara hii ya Sake. Novemba 1996 ikawa tupu. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru sehemu ya Goma ihame na ikawaelekeza watu Sake. Siku hiyo Mubambiro ilikuwa na watu wangapi: waliolala, au waliopita na bidoni na mbuzi? Februari 2024 mkondo ukageuka, watu wa Sake wakakimbilia Goma. Mwaka mmoja baadaye, waasi wa M23 wakiwa wameshaushika mji wa Goma, kambi za waliohama za Bulengo na Lushagala zilivunjwa, watu wakarudishwa barabarani kuelekea Masisi. Nionyesheni asilimia tatu iliyokaa ndani ya hayo.

Walikale dawa hiyo inaua kwa njia nyingine. Wilaya ile ina kilomita za mraba 23,475, inaikaribia Rwanda nzima. Masisi ina 4,734 tu. Mtu anagawa watu kwa eneo, anapata wastani, anaridhika. Wastani wa nini? Bisie, humo Walikale, ilikuwa msitu hadi kasiteriti, madini ya bati, ilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaja wachimbaji kwa maelfu. Ukitembea kutoka hapo unaweza kumaliza siku bila kuona paa.

"Basi kadi za mpiga kura?" Hapana. Kadi ni kitambulisho chetu, mtu huichukua anapoipata, si anapoishi, na watoto, ambao ni nusu ya nchi, hawamo. Tena uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru.

Kwa anayetaka kuweka bomba la maji kweli: nenda zoni ya afya, omba idadi ya watoto waliochanjwa kwenye kampeni ya mwisho, uliza ni vijiji gani vilifikiwa, maana zoni ya afya hailazimiki kufuata mpaka wa wilaya. Kaa na shefu wa kijiji na wareko, wale wahudumu wa afya wa jamii; wao wanajua nyumba iliyofungwa na nyumba yenye familia tatu. Msizidishe nyumba kwa tano. Chagueni nyumba chache kila upande, ulizeni nani alilala humu jana usiku, wenyeji kando, waliohamia kando. Msifanye siku ya soko. Hesabuni bidoni kwenye kisima toka alfajiri hadi giza, kwa sababu bomba litahudumia bidoni. Rudieni baada ya miezi mitatu. Andikeni "kati ya hii na hii", na tarehe.

Kijana alisema fomu yake ina kisanduku kimoja tu, cha namba moja. Nikamwambia aweke ile kubwa, na tarehe aiandike ukingoni kwa kalamu.