Harufu Nzuri na Ugonjwa wa Presha

Mchaichai waota nyuma ya nyumba nyingi, na mafuta ya karafuu huuzwa madukani mijini. Hata kwetu Litumbandyosi husikika habari kwamba kunusa mafuta ya namna hiyo huponya presha. Je, ni kweli? Tuipime habari hii, maana wako wanaotaka kutupa vidonge vyao kwa ajili yake.

Jambo lenyewe si la uchawi. Mfaransa mmoja, mtaalamu wa kemia, René-Maurice Gattefossé, aliandika kitabu juu yake mwaka 1937. Na huko Wawi, kisiwani Pemba, kiko kiwanda cha serikali kinachotoa kwa mvuke mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mchaichai. Harufu ikiingia puani, mishipa ya fahamu huipeleka hata sehemu ya ubongo inayotawala hofu na furaha. Mtu hutulia, na presha yaweza kushuka kidogo. Majaribio madogo kadhaa yameonyesha hivyo. Lakini kushuka kwa muda si kupona.

Presha haipigi hodi. Mtu aweza kulima kutwa bila kuumwa kichwa, kumbe damu yasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku mbalimbali, huo ni ugonjwa. Akiacha vidonge kwa sababu ajiona mzima, siku moja aweza kupooza upande mmoja, na mzigo wa kumlisha na kumwogesha ukawaangukia watu wa nyumbani.

Basi, harufu iwe msaidizi tu. Tia matone mawili katika leso, unuse jioni ukipumzika. Usiyanywe mafuta hayo, na uyaweke mbali na watoto, maana mtoto akimeza mafuta ya karafuu aweza kufa. Mwenye pumu aulize kwanza kwa mganga. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Pombe ipunguzwe, tumbaku iachwe. Vidonge vimezwe kama ulivyoagizwa, na kipimo kichukuliwe zahanati au hospitali kama ile ya Litembo.

Jioni hii, msomaji, mwulize mzee wako nyumbani: Vidonge vimebaki vingapi? Vikiwa karibu kwisha, panga safari ya kesho.