Leza Haioni Chini ya Ziwa

Nilikusudia kuianza sura hii na maji ya kunywa. Lakini huku Rungwe, nikitaja leza na metali kwa pamoja, swali linalorudi ni moja: haiwezi kutuonyesha rupia za Mjerumani ndani ya Ziwa Masoko?

Haiwezi. Inasimuliwa kwamba katika vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walizamisha sarafu zao katika ziwa hilo la kreta, kusini-mashariki ya Tukuyu. Simulizi sibishani nayo. Ninayempinga ni mwenye kitaa chekundu anayeahidi "kusoma madini" akiwa amesimama ukingoni. Huo ni wizi. Na "zebaki nyekundu" inayotafutwa ndani ya sarafu haipo: rupia ya Kijerumani ni fedha, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10, iliyobaki shaba.

Leza ya kupimia metali haichungulii, inachoma. Lenzi hulikusanya pigo la nanosekunde chache hadi nukta ndogo ya sampuli igeuke plazma yenye joto linalopita nyuzi 10,000. Plazma ikipoa, atomu hutoa mwanga, kila metali kwa mistari yake: shaba kwenye nanomita 324.8 na 327.4, fedha 328.1. Jicho haliioni, spektromita huiona.

Ukipiga ndani ya maji, maji huizima plazma upesi na kurukia lenzi. Ndiyo maana tunakausha tone juu ya bamba safi, na hapo wengi hukosea. Tone likikauka, chumvi zake hukimbilia pembeni na kuacha duara, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Ukilenga katikati utapata kidogo mno. Ukilenga pembeni, utapata kupita kiasi. Piga duara zima, chukua wastani, kisha linganisha na matone ya maji uliyoyachanganya mwenyewe kwa kipimo unachokijua.

Hata sarafu zikiwemo Masoko, fedha huyeyuka kwa shida, na hicho kidogo kimetawanyika ziwa zima. Tone halitakibeba.

Chuma ndicho cha kutafuta. Katika ardhi ya volkano, maji yenye gesi ya kaboni huyeyusha chuma cha mwamba. Hutoka angavu, yakikaa ndooni yanageuka rangi ya kutu. Hiyo si mizimu, ni hewa. Basi yachuje na uyatie asidi ya naitriki pale pale kwenye chemchemi. Usipofanya hivyo, chuma kitatuama chini ya chupa njiani, na leza itakuambia maji hayana chuma.